Povu kwenye Sinia

Mwaka ule wa Uhuru, mama wa mchumba wake Sada alivuka maji kutoka Kamanga kuja kumtazama mkwe. Kifafa nacho kikachagua siku hiyo. Kilimwangusha Sada katikati ya mlo, kwa kishindo ambacho wavuvi wa Nyegezi walidhani ni radi.

Shangazi zake Sada wote walitimka nje. Nani hakujua kwamba povu la kifafa likikugusa, nawe utaanguka? Na povu lilikuwa limedondoka kwenye sinia.

Sada alizinduka shavu lake likiwa juu ya paja la mtu. Alijua uchumba umekufa, akangoja tu kuambiwa.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa kukosa lingine.

"Marahaba." Kidole gumba kikavu, chenye harufu ya samaki, kilimfuta mdomo taratibu. "Mwanangu aliniambia habari zako. Ila hakuniambia kwamba shangazi zako wana mbio hivi."

Mlangoni mtu alinong'ona, "Mama, usiguse hilo sinia."

Yule mama alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa sato, akatafuna bila haraka.

"Chumvi imepungua kidogo," alimwambia Sada. "Huko kwangu utaongeza."