Njaa ya Mlinzi

Sekela, mpishi wa nyumba ile, alimkuta mbwa ameanguka getini, anatetemeka, macho yamelegea. Mbwa mwenyewe mdogo kuliko paka, na mnyororo aliofungiwa ni wa kufungia ng'ombe!

"Baba, huyu amekula lini?"

"Jana asubuhi," alijibu Bwana Mbwilo, mwenye nyumba, akiwa kibarazani na gazeti lake. "Mbwa akishiba halindi. Njaa ndiyo inampa ukali."

"Ukali gani, baba? Huyu ni mbwa wa kupakatwa! Kamwili kama haka kakikosa chakula nusu siku tu, kanazima!"

Alikimbilia jikoni, akarudi na asali, akampaka mbwa kwenye fizi kwa kidole. Akasubiri. Baadaye kaulimi kakatokeza, kakalamba.

Bwana Mbwilo akaja getini. "Haya, amepona. Mwache aendelee na lindo."

Sekela alimfungua mbwa, akamfunga kifuani kwa kanga, kisha akamkabidhi bwana mnyororo.

"Linda mwenyewe. Na usile mpaka kesho."

Akaondoka, geti akaliacha wazi. Wapita njia wakamwona Bwana Mbwilo amesimama na mnyororo mkononi, kando ya kibao alichokiandika mwenyewe: MBWA MKALI.