Jina Lililosomewa Dua

Niliandika amri ya kusajili jina kwa mara ya tatu, na kompyuta ikanijibu kavu vilevile: jina hili limeshachukuliwa.

"Andika vizuri," mama akasema. "Pilau ya Troyeville. Nani mwingine Johannesburg nzima analitaka?"

Nilikuwa nimemwambia tusajili jina kwanza, huduma yetu ya kuagizia chakula ipate anwani mtandaoni. Akagoma. Kwao Tanga jambo halianzi bila dua. Basi juzi watu arobaini walijaa sebuleni, wakalisikia jina, wakala, wakaitikia amina. Redio gani ingetangaza vizuri zaidi?

Nikaifungua ile anwani iliyochukuliwa. Ikatokea picha ya sufuria letu, na mkono wa mama wenye kovu la mafuta kwenye kidole gumba. Chini yake, namba ya simu ya mjomba Burhani, aliyeongoza dua.

"Eish, huyu aliomba akajibiwa papo hapo," nikasema.

Mama hakucheka. Alilisugua lile kovu mpaka likawa jekundu, kisha akajifunga khanga kiunoni.

"Kaka yangu yuko dukani kwake Kensington saa hizi?"

"Yupo."

"Beba kompyuta. Wateja wake nao waione."