Geuza Kamera

“Geuza kamera.”

“Baba, chumba chenyewe kidogo, hakuna cha—”

“Nimesema geuza.”

Sekela aliishika simu kwa mikono miwili mbele ya uso wa baba yake, Mzee Yotamu, sebuleni kwao Uyole. Upande wa pili alikuwa mdogo wake, Lutengano, mwanafunzi wa uhandisi huko Ankara. Baba na mwana hawakuwa wamesemeshana tangu Didas, kijana wa Iringa anayesoma chuo hichohicho, aliporudi likizo na habari kwamba Lutengano anaishi na mwanamke. Sekela alikuwa amejiunga bando la wiki nzima ili wapatane.

Kamera iligeuka. Kitanda, meza, dirisha lenye theluji. Viatu vya kike kando ya mlango.

“Vyako hivyo, mhandisi?” mzee aliuliza. “Au miguu imesinyaa kwa baridi?”

“Baba, nilitaka nikwambie mwenyewe. Yeye ni—”

“Mturuki. Nilikwambia siku unaondoka na sirudii: ukituletea mtu asiyejua hata adabu zetu, shamba la Rungwe ni la kaka yako, na hapa kwangu hukanyagi.”

“Hunipi hata nafasi ya—”

Picha iliganda, mdomo wa Lutengano ukiwa wazi.

“Hata mtandao umemchoka,” mzee alisema.

Sekela aliinua simu juu kidogo kutafuta mtandao.

Picha iliporudi, mlango wa kule ulikuwa unafunguka. Mwanamke aliyevaa koti refu, kofia yake ikiwa imeshuka hadi machoni, aliingia na mfuko wa mikate.

“Huyo! Huyo!” mzee alifoka. “Aje hapa nimwone!”

Mwanamke alishtuka. Alinong'ona swali. Lutengano alimjibu kwa neno moja: “Baba.”

Mfuko ulianguka. Mwanamke alivuta skafu akajifunika kichwa na uso wote, akachuchumaa nyuma ya kitanda, mgongo kwenye kamera.

“Unaona, Sekela? Naongea naye, ananipa mgongo! Anajifunika kama amekutana na jambazi. Wewe, mwambie asimame!”

Lutengano aliinama, akasema naye. Skafu ilitikisika kulia na kushoto.

“Amekataa, Baba.”

“Amenikataa? Mimi?”

“Anasema hawezi kupita mbele yako. Anaomba nizime simu kwanza.”

Sekela alisubiri kishindo. Hakikuja. Mzee Yotamu alikuwa akiutazama ule mgongo uliojikunja. Kisha akageuza uso wake ukutani, kama afanyavyo yeye siku zote, mke wa mwanawe mkubwa anapokatiza uani, maana kwa mila yao mkwe na baba mkwe hawatazamani.

“Mwambie mkwe wangu apite,” alisema.