Dakika Ishirini na Saba

Djuma aliupiga mlango kwa ngumi mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Mgongoni mwake Elsa alikuwa amelegea kama gunia la muhogo, miguu ikining'inia, kikwembe kimelowa chote.

"Fungueni! Mutu anakufa huku!"

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, na kituo cha afya kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

Kwenye kivuli cha ukuta walisimama wageni watatu waliofika jana kwa pikipiki kutoka mjini, kila mmoja na kizibao cha buluu. Mkubwa wao, Magloire, alikuwa akitazama saa yake. Mwenzake Jeannette alikuwa akiandika. Hakuna aliyepiga hata hatua moja kuja kumpokea mgonjwa. Djuma aliwaona, na damu ikamchemka. Wanaandika, alijiambia. Siku zote hawa wanaandika tu.

Hemedi, mlinzi wa kituo, alitokea pembeni ya nyumba. Hakukimbia.

"Kuna nini?"

"Anaharisha na kutapika tangu jana jioni. Alikunywa maji ya kule machimboni. Ni kolera, Hemedi! Fungua!"

"Funguo iko na munganga. Munganga hayuko." Hemedi alisema maneno hayo kwa sauti kavu, macho chini, kama mwanafunzi anayerudia somo.

"Iko wapi?"

"Ameenda ku mukutano, kwa shefu wa kijiji."

"Mukutano wa nini?"

"Wa kujipanga na kolera," akajibu polepole.

"Na serumu ya kumutundikia?"

"Serumu iko ndani."

"Ndani!" Djuma alicheka kicheko kibaya. "Serumu iko ndani, mugonjwa iko inje, na ninyi munachunga kufuli. Ni kufuli ndiyo inaumwa?"

Hemedi aligeuka. Alitoa simu mfukoni, akapanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya kituo, maana hapo tu ndipo mtandao ulipatikana, akaanza kupiga.

Djuma alimlaza Elsa kwenye ngazi ya simenti mbele ya mlango. Jua lilikuwa limeshapanda. Ng'ambo ya njia watu wa kijiji walikuwa wamejaa. Wengine walikuwa wamekuja na vibao vyao vya kukalia. Mwanzoni walinong'ona. Sasa walikuwa wamenyamaza. Djuma alitoka Fizi miaka tisa iliyopita kuja kuchimba dhahabu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Akawageukia wenye vizibao.

"Ninyi! Munaangalia nini? Mumekuja na makaratasi, mumekuja na vizibao. Nani kati yenu amekuja na funguo?"

Jeannette aliacha kuandika. Magloire akatazama saa.

Djuma aliokota jiwe, akaipiga kufuli. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mbao za mlango zilipasuka, kufuli ikabaki palepale. Akalirusha lile jiwe kwa nguvu zake zote, likaanguka karibu na viatu vya Magloire, naye akaruka nyuma. Mama mmoja mzee kule ng'ambo aliziba mdomo kwa kikwembe, akaanza kulia.

Kisha nguvu zikamwishia. Djuma alilala kwenye simenti kando ya Elsa, akainua mkono kumkinga uso na jua, akaanza kumsemesha sikioni kwa Kibangubangu, lugha aliyofundishwa na mkewe. Alisema naye taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Elsa alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka macho yakiwa yamefumbwa vilevile.

Hemedi alishuka kutoka kwenye kichuguu, akaenda kusimama mbali, akaupa mlango mgongo.

Muda ukapita. Ndipo Sagesse, muuguzi wa kituo, yule ambaye Hemedi alimwita munganga, akatokea mbio kwenye njia ya chini, funguo mkono mmoja, ndoo ya maji ya klorini mkono wa pili, jasho linamtiririka. Aliruka miguu yao, akaingiza ufunguo, kufuli ikafunguka.

Magloire akapiga filimbi.

"Dakika ishirini na saba!" alitangaza. "Mpango wetu unasema isizidi thelathini. Tumefaulu!"

Makofi machache yalisikika kutoka ng'ambo ya njia. Elsa, mke wa mwalimu, aliketi, akajipangusa machozi na vumbi, akaanza kukamua yale maji waliyommwagia kwenye kikwembe kabla ya kuanza. Jeannette alifunga daftari lake.

Magloire alimsogelea Djuma, ambaye bado alikuwa amelala pale chini.

"Papa Djuma, umecheza vizuri kuliko tulivyotegemea. Kitu kimoja tu tutarekebisha kesho tukifanya zoezi kule Wamaza. Hapa pa kulala chini, umezidisha. Kolera ikija kweli, mutu hawezi kufanya vile."

Djuma aliinuka, mkono mmoja ukiwa bado juu ya simenti.

"Naomie, bibi yangu wa ndoa, alifia hapa, mwezi wa tatu," alisema. "Nililala naye mpaka jua likazama. Siku ile hakuna mutu alipiga filimbi."