Kitu Chini ya Mbavu

Mdogo wake alipomaliza kujaribu gauni la harusi na kuaga, fundi cherehani aliingia jikoni akafungua mkate. Alikula wima, vipande viwili viwili, bila chai, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akishamaliza angekwenda msalani kuutapika, kama kawaida yake.

"Dada, nimesahau viatu..." Mdogo mtu alisimama mlangoni, akautazama mfuko uliobaki makombo. "Jamani, mkate umekukosea nini?"

Fundi alimeza kwa shida, uso umemshuka kwa haya.

"Una njaa?"

"Sijui."

"Umekasirika?"

"Sijui, mdogo wangu. Kweli sijui."

Wala hakuwa akificha. Wenzake walisema wana huzuni, wana hasira, wana hamu. Yeye alikuwa na kitu kimoja tu, kilichokaza chini ya mbavu, na tangu utotoni alikiita njaa.

Mdogo mtu alimpangusa makombo kidevuni, kisha akamwekea kiganja ubavuni. "Ni hapa?"

"Hapo hapo."

"Kimeanza saa ngapi leo?"

Fundi alifikiri sana, kama mtu anayepapasa sakafuni kutafuta sindano. "Ulipogeuka kwenye kioo. Niliona gauni limekukaa, nikajua Jumamosi unaondoka kweli."

Alipotamka hivyo, kile kitu kilipanda hadi kooni, kikawa moto machoni. Akakiweka mezani kipande alichokuwa amekishika.

"Usiniache," alisema, na wote wawili wakashtuka, maana hakuwahi kumwomba mtu chochote.