Benchi la Mwisho, Upande wa Reli Nyembamba

Matapishi yalikuwa pale pale, chini ya benchi la mwisho la jukwaa la stesheni, bado yanafuka kwenye baridi. Na kando yake, amepiga magoti na ndoo ya maji, alikuwa Mzee Luregn.

"Leo nimekukamata!" Barla alisema, pua ameiziba kwa kitambaa chake cha kichwa.

Mzee hakuinua uso. Aliendelea kufuta kwa gazeti kuukuu.

"Zile kona za mlimani, Mama Flurin. Zinapindua tumbo."

"Kona gani? Wewe hata treni hupandi! Unalala hapa, unakunywa hapa, unatapika hapa. Huoni haya, mtu mzima?"

Kule kwenye reli pana, zinakosimama treni kubwa za mjini, hapakuwa na hata doa. Uchafu wote ulikuwa huku, zinakoshukia treni nyekundu za milimani. Na Bwana Caduff, mkuu wa stesheni, alishamwambia Barla: matapishi yakionekana tena, atatafuta msafishaji mwingine.

Barla akaenda moja kwa moja kwa Bwana Caduff.

Kabla ya mchana, Luregn alitolewa kwenye chumba cha kungojea. Kijiji kizima hakikuwa na mahali pengine penye joto kwa ajili yake. Alimtazama Barla kama mtu mwenye neno kooni, kisha akalimeza, akaondoka na ndoo yake.

Jioni Barla alitamani kumsimulia mwanawe, lakini Flurin alikuwa ameshalala. Ukondakta ulimchosha tangu alipohamishwa kutoka treni kubwa kuja hizi ndogo za milimani. Alfajiri aliondoka bila kugusa mkate.

"Utakonda, mwanangu!"

"Nitakula nikirudi, mama."

Barla alipiga magoti jikoni. Alimshukuru Mungu kwa jukwaa safi. Kisha akaongeza, kwa moyo wake wote: "Na kama yupo mchafu mwingine, Bwana, mtie mkononi mwangu."

Alifika stesheni treni ya kwanza ikiwa imeshashuka kutoka milimani. Abiria walivuka jukwaa wakiburuta masanduku, wakapanda treni kubwa, na ikaondoka nao. Kukawa kimya.

Ndipo akaisikia ile sauti. Mtu anatapika, anatema, anatapika tena, nyuma ya nguzo, kwenye benchi la mwisho.

Karudi, mbwa yule! Barla alishika ufagio kwa mikono miwili, akanyata, akaizunguka nguzo akiwa ameuinua juu.

Mtu alikuwa ameinama, amempa mgongo. Mkono mmoja aliunyoosha nyuma, kiganja wazi, kama aliyezoea kupokea.

"Mzee Luregn," Flurin alisema bila kugeuka, "maji, tafadhali. Haraka, kabla mama hajafika."