Shavu la Mama Jaladani

Mwandishi alipofungua bahasha na kuliona jalada la kitabu chake, damu ilimchemka. Kitabu kizima alikiandika kwa ajili ya kovu la moto shavuni mwa mama yake, kovu alilozoea kulipapasa utotoni mpaka usingizi umchukue. Mchoraji, bila haya, alikuwa amemchora mama mwenye shavu laini, lisilo na hata doa.

Akampigia simu mchapishaji. "Leo watanitambua!" akafoka simu ikiita.

Mama yake, aliyeketi kando na ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameshakichukua kitabu. Akakifuta kwa upindo wa gauni, akalipapasa lile shavu la karatasi taratibu, kwa kidole kimoja.

"Mwanangu," akasema akitabasamu, machozi yakimlengalenga, "kumbe ndivyo unavyoniona?"

"Haloo?" mchapishaji akaitikia simuni. "Haya sema, nakusikiliza."